Mashine ya Matofali na Kichuguu cha Mama

Tofali la kwanza nililofyatua kijijini kwetu lilitoka kwenye mashine likiwa na sura nzuri kabisa ya tofali. Lilikaa hivyo kidogo, watu wakaanza kupiga makofi, halafu likajilaza pole pole kama mlevi aliyekosa ukuta wa kuegemea. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshapanua mdomo aanze hotuba. Akaufunga.

"Shemeji," akaniita mke wa kaka yangu kutoka kule nyuma, "hilo ni tofali au ni ugali uliokosa unga?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nilicheka, maana mtu akikuwahi kwa utani huna la kufanya zaidi ya kucheka naye. Lakini nilimwona yeye mwenyewe ameacha kucheka kabla ya wengine, mkono mmoja uko kwenye tumbo. Nyumba iliyokuwa inasubiri matofali yale ilikuwa yake.

Tulikuwa tumeteremshwa toka mlimani miaka michache nyuma, wakati wa vijiji vya ujamaa, tukapangwa kando ya barabara huku Ngara, upande wa Nyakisasa, kama viazi kwenye tuta. Kila familia ikajenga haraka haraka kwa miti na udongo. Kaka yangu alipewa kiwanja cha chini kabisa, pale ambapo maji yote ya mlima yanapita yakienda zake. Masika iliyotangulia ukuta mmoja wa kibanda chake ulianguka mchana, upande wa kitanda, na ilikuwa bahati tu kwamba walikuwa shambani. Akaukandika upya. Miti mizuri ya kujengea ilikuwa imeisha, kila mtu ameshaikata, kwa hiyo alitumia vijiti ambavyo hata mbuzi angeviangusha kwa kujikuna.

Halafu vikaja vita na Uganda. Kaka alikuwa mgambo, akachukuliwa pamoja na wenzake. Alirudi, nisikutie wasiwasi bure, lakini wakati ule hakuna aliyejua kama atarudi. Alichoniambia siku ya kuondoka ni kimoja tu: "Masika isimkute shemeji yako humu ndani." Mimi nikaitika "sawa" kama mtu aliyeombwa kufunga mlango.

Mwenyekiti alitangaza kwamba familia za wapiganaji ndizo zitakazojengewa kwanza nyumba bora, za matofali. Mashine ya kufyatulia ilikuwa inatoka Biharamulo, na alihitajika kijana wa kwenda kujifunza kuitumia. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na alama za kunitosha kuvuka barabara. Nikachaguliwa. Mwenyekiti alisema kijana anayeongea sana namna hii lazima ana nafasi kubwa kichwani.

Kule Biharamulo kila kitu kilikubali. Mashine yenyewe ni sanduku la chuma lenye mfuniko na mkono mrefu. Unajaza udongo, unafunga mfuniko, unavuta mkono kwa nguvu mpaka udongo ubanwe, halafu unafungua, unausukuma mkono upande wa pili, tofali linainuka lenyewe kama mkate unatoka kwenye bati. Yule fundi aliyetufundisha alichanganya udongo na saruji kidogo, akafyatua, akasimama juu ya tofali lake na kuruka ruka. Nikaruka na mimi. Nilirudi Ngara juu ya lori, nimeikumbatia mashine kama mchumba.

Lori lile lilikuwa la mwisho. Magari yote yalichukuliwa kwenda mbele vitani, hata yale yaliyozoea kupita kwenda Rusumo ukawa unayasubiri mpaka unasahau unasubiri nini. Saruji yetu ilibaki huko ilikobaki. Kila tukimwuliza mwenyekiti, jibu lilikuwa, "Inakuja." Na udongo? "Udongo kila mtu ajitegemee," alisema. "Kijiji kinatoa mashine, mwenye nyumba analeta udongo wake."

Basi ndio tukawa hapo, mwezi wa pili, kiangazi kile kifupi kinakaribia kuisha, na tofali langu limelala chini.

Kosa la kwanza nililitambua kesho yake, na lilikuwa kosa letu sote. Sisi tunajua udongo wa kukandika. Huo unaumwagia maji, unaingia miguu wazi, unaukanyaga na nyimbo juu mpaka unalia chwaka chwaka. Vijana walionisaidia walikuwa wameukanyaga hivyo hivyo, kwa moyo mmoja, wakaniletea matope safi. Na mimi nikayapokea, kwa sababu hata mimi nimezaliwa ndani ya matope hayo. Mashine haitaki chwaka chwaka. Inataka udongo wenye unyevu kidogo tu, ukiufinya kwenye ngumi ushikane, ukiuangusha uvunjike mapande machache. Nikawaambia watoke.

"Tutoke tuende wapi?" akauliza mmoja. "Nyumba hujengwa kwa miguu."

"Hii inajengwa kwa mikono. Miguu ikapumzike."

"Sasa nyimbo tutaimba tukiwa tumesimama tu, kama kanisani?"

Wakatoka wamenuna. Udongo mkavu kidogo ukasimama vizuri ndani ya sanduku, ila sasa haukutaka kutoka. Ulishika kwenye chuma, tukausukuma, likatoka nusu tofali, nusu nyingine ikabaki ndani kutuchungulia. Kule Biharamulo walikuwa wanapaka oili chafu ya magari. Kwetu magari hayakuwepo, oili itoke wapi? Nilichukua mawese ya Mama, yale ya sokoni yanayovuka kutoka Burundi, nikapaka sanduku. Tofali likateleza likatoka zima. Nilipiga kelele ya furaha, na Mama akasikia kelele, akaja, akaona kibuyu chake.

"Mimi nakula majani ya maharage bila mafuta," alisema, "na chuma kinapakwa mawese?"

"Mama, chuma kina kazi ngumu."

"Mimi ninacheza?"

Aliniachia yale mawese. Lakini aliyasogeza mwenyewe kivulini yasiharibike, na aliangalia ndani ya kibuyu kuona yamebaki kiasi gani.

Kisha ikakatika pini. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alijaza udongo kupita kiasi, akauvuta ule mkono akiwa na nia ya kuonekana na wasichana waliokuwa wanateka maji, na pini inayoshikilia mkono ikalia tak! Mkono ukamrudia kwenye paja. Wasichana walimwona, hilo siwezi kulikataa. Tukapata kipande cha nondo, nikakikata na kukipiga mpaka kikaenea. Tukatengeneza kikapu kidogo cha kupimia, ili kila sanduku lipate udongo ule ule, hata kama wasichana wapo.

Unaona jinsi ilivyokuwa. Ukimaliza kosa moja, nyuma yake linakusubiri jingine lililokuwa limejificha. Ungeyaona yote kwa pamoja siku ya kwanza, ungekimbia. Mimi yalinijia moja moja, ndiyo maana sikukimbia.

Sasa matofali yakawa yanatoka mazima, tukayapanga kivulini chini ya nyasi, yakapendeza. Nilimleta shemeji ayaone. Alikuja taratibu, tumbo mbele, akainama akachukua moja.

"Leo mume wangu mdogo umeoga," akaniambia. Ndivyo alivyoniita akiwa na furaha.

Kisha akalirudisha chini. Kona ikabaki mkononi mwake. Akagusa la pili, likapukutika kama mkate wa juzi. Nikagusa mimi la tatu, la nne. Yote yalikuwa yameshikana kwa unyevu tu, na unyevu ulivyokauka kila punje ilikwenda zake. Udongo wetu wa kule bondeni ni wa mchanga. Saruji ndiyo ingeushika, na saruji ilikuwa inakuja.

Shemeji alijifuta mikono kwenye kitenge. "Mvua lini?" aliuliza. Hakuniuliza kwa utani.

Mwenyekiti alikuja kuangalia. Alilala kifudifudi kuitazama mashine kwa chini, akatikisa mkono, akasema labda imeharibika, tuandike barua Biharamulo.

"Ndugu mwenyekiti, mashine ni nzima. Inabana vizuri sana. Inabana kitu ambacho hakitaki kubanwa."

"Wewe ulisema kule ilifanya kazi."

"Kule ilifanya kazi kwa udongo wa kule."

Akanitazama kama ninamlaumu yeye kwa kuuweka mchanga Ngara.

Udongo unaoshika bila saruji kila mtu anaujua. Mama zetu wanasiribia nao sakafu, watoto wanafinyanga nao ng'ombe. Ni udongo wa kichuguu. Mchwa wameshausaga na kuutemea mate, ukikauka ni jiwe. Nilikuwa nimeujua toka tofali la kwanza lililopukutika, na nilijifanya sijui, kwa sababu kila kichuguu kwetu kina mwenyewe.

Mtu wa mbali anaweza kudhani kichuguu ni uchafu wa porini. Kwetu ni mali. Masika ikianza kumbikumbi wanatoka mle, sisi tunawaita iswa, unawakaanga na chumvi, unasahau nyama. Kichuguu kinarithiwa kama shamba. Ukimkuta mtu kwenye kichuguu chako siku ya iswa, mnaweza kuuana. Na ukikichimba mpaka ndani, ukimtoa malkia, basi, kimekufa, hakitatoa kitu tena. Nilijaribu kuomba kwa majirani. Mzee mmoja tuliyekuwa tunaheshimiana alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," akasema, "uniombe mbuzi. Uniombe hata binti nikufikirie. Kichuguu?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwa hiyo kilibaki cha Mama. Kilikuwa kule juu kwenye mahame yetu, karibu na mahali nyumba ya zamani iliposimama kabla haijabomolewa ili tusirudi. Mama alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Migomba ilikuwa imeliwa na magugu, nyumba imebaki mawe matatu ya jiko, lakini kila masika Mama alipanda mlima na kikapu, na siku hiyo majirani wa zamani wote walimfuata. Alikuwa anagawa kila mtu kwenye jani lake, anapiga mikono midogo inayowahi. Baba alikwisha kufa. Ng'ombe hatukuwa nao. Ile ilikuwa siku pekee ya mwaka ambayo watu walimwomba Mama kitu.

Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenisalimia vizuri mno. Unataka nini?"

Nikamwambia. Hakuinua uso. Vidole viliendelea, maharage huku, mawe huku.

"Nyumba walichukua," alisema mwishowe. "Migomba nikaiacha. Na hicho?"

"Mama, sio wao. Ni kwa shemeji."

"Najua ni kwa nani."

Shemeji alikuwa mlangoni, sijui amefika lini. "Mama, acha," alisema. "Mimi nitahamia kwako. Tutabanana."

"Kwangu wapi? Unaona hapo juu?" Mama alionyesha paa lake kwa kidevu. Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu. "Unataka mtoto azaliwe ndani ya chujio?"

Kisha Mama akasema, "Nipe nivune mara moja. Iswa waruke mara moja tu, halafu uchimbe."

"Mama, wanaruka mvua ikinyesha."

"Najua."

"Mvua ikinyesha, tofali halikauki."

Aliweka ungo chini. Nilimwona anaizungusha hiyo habari kichwani, anatafuta mahali pa kupenya, na hapakuwepo. Mimi nilikuwa nimeshatafuta.

"Basi tukawadanganye," alisema.

Kesho yake asubuhi tulipanda mlima, mimi na yeye. Ukitaka iswa watoke unaweza kuwaita. Unajenga kibanda kidogo cha fito juu ya kichuguu, unafunika kwa majani ya migomba ili wadhani ni giza la mawingu, unawaachia mlango mmoja unaoingia kwenye shimo. Halafu unapiga vijiti, taratibu, haraka haraka, kama matone yanaanza. Lakini watu hufanya hivyo wakati mvua iko karibu, kuwahimiza tu. Hakuna anayefanya mwezi wa pili, jua likiwaka hivi.

Mama alichota maji bondeni akayapandisha kwa kichwa, akanyunyizia. Akapiga vijiti. Nami nikapiga. Wapita njia walisimama.

"Mama, mvua ya wapi hiyo?"

"Ya kwangu," alijibu, hakugeuka.

Wakacheka wakaenda. Tulipiga mpaka mikono ikauma. Mimi nilianza kutoa vichekesho, kwamba mchwa hawa wamesoma kuliko mimi, wanajua kalenda. Mama hakucheka. Nikaacha. Kuna wakati vijiti vyake vilikuwa vinapiga vizuri kweli, mpaka mimi mwenyewe nilitazama juu.

Jua lilipopinduka kitu kikatikisika mlangoni. Mama akainama, mikono tayari. Wakatoka askari. Wale wasio na mbawa, wenye vichwa vikubwa vyekundu na meno, wakajipanga kuzunguka tundu, wanatafuta aliyewagongea. Tukangoja nyuma yao watoke wenye mbawa. Hawakutoka.

"Hata huku wanaletwa askari tu," alisema Mama.

Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akawatazama wale askari mpaka wote wakarudi ndani. Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimwinue. Alikuwa anataka jembe.

"Nianze mimi," alisema. "Usije ukasema ulichimba kichuguu cha mama yako."

Alipiga pigo la kwanza, na la pili. Udongo ulitoka mwekundu na mzito, unang'aa mahali jembe lilipopita. Halafu akanipa. Nilipofika kwenye chumba cha malkia Mama alinisimamisha, akapasua mwenyewe kwa mikono. Malkia alikuwa mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, mweupe, hawezi hata kujisogeza. Mama alimweka kwenye gae la chungu pamoja na udongo na wenzake wachache, akamfukia kwenye shina la mgomba mmoja uliobaki, akafunika kwa majani.

"Labda ataanza upya," alisema.

Nikaongeza majani mengine juu. Alikuwa ameishi na vichuguu miaka mingi kuliko mimi.

Tulibeba ule udongo kwa vichwa, vijana wote wa mashine, siku baada ya siku. Tuliupondaponda, tukauchanganya na ule wa mchanga, kwanza mwingi mno ukapasuka ukikauka, kisha tukapunguza, kikapu cha kichuguu kwa vikapu viwili vya bondeni, ndipo ukatulia. Tofali lilipokauka niliangusha moja toka kiunoni. Likadunda pembeni, likakaa zima. Shemeji akasema na yeye anataka kulijaribu, nikamshika mkono akapanda juu yake, yeye na tumbo lake.

"Linatubeba," alisema. "Wote wawili." Akabaki amesimama juu pale, anatazama barabara.

Kuta zilipanda. Fundi mwashi wa kijiji alijenga, mimi nilifyatua, usiulize nani alilala. Mawingu yalikuwa yanakuja kila jioni, yanatutazama, yanaondoka. Tulimaliza kuezeka nyasi upande mmoja siku ile ile shemeji aliposhikwa na uchungu, na upande wa pili niliuezeka nikimsikia chini yangu, ndani ya kuta hizo hizo, akinitukana mimi, kaka yangu na ukoo wetu mzima. Alizaa mtoto wa kike. Mkunga alitoka akaniambia nishuke juu ya paa, mimi sio ndege.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, ya kushuka na mlima mzima. Maji yalikuja pale pale yalipozoea kupita. Nilikuwa nje, ninazunguka nyumba, ninapapasa matofali ya chini kwa kiganja, moja moja, naangalia kama kiganja kinatoka na matope. Kilitoka na maji tu. Nikazunguka tena.

"Shemeji!" aliita toka ndani. "Ingia. Ukuta hauna safari."

Niliingia nimelowa. Mtoto alikuwa amelala. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama mlangoni. Mvua ilivyokatika, jua likachomoza, tukasikia kelele za watoto toka mlimani, na kila mtu mle ndani alizijua kelele zile ni za nini. Angani kulikuwa na mbawa tele, zinang'aa. Watu walipita mbio na vikapu. Hakuna aliyesimama kwetu.

Jioni akaja mama mmoja, jirani yetu toka enzi za mlimani, mmoja wa wale waliokuwa wanasimama na jani mkononi. Alibeba bakuli limefunikwa. Alilitoa kwa mikono miwili, hakujua aangalie wapi.

"Iswa wa mzazi," alisema.

Mama aliinuka, akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyotakiwa. Akampa shemeji bakuli lote. Shemeji alikuwa na njaa, alikula bila aibu, na Mama alimtazama anavyotafuna. Yule jirani alikaa kidogo, akamsifu mtoto, akasifu kuta, akazigusa, akaaga.

Alipokwenda, Mama alichukua iswa mmoja kwenye bakuli. Akamtafuna taratibu, kwa meno ya mbele, kama anapima chumvi.

"Wana mchanga," alisema.

Akasogeza kigoda chake karibu na ukuta, akaegemea.